Célestin wa Pili

Durban, 14 Januari 2023

Baba Mkubwa Vénérand,

Tumsifu Yesu Kristu. Natumaini barua hii inakukuta umesimama, na lile goti limeacha kukusumbua. Mama Mkubwa Agathe, je, presha imeshuka? Mwambie apunguze chumvi, ingawa najua atasema chumvi haijawahi kuua mtu kwao.

Sisi huku Durban tuko. Joto la mwezi huu ni la kukaanga mtu. Bado natengeneza simu pale dukani, chini ya nyumba za ghorofa za Albert Park. Vioo vinavunjika kila siku, Mungu asifiwe, kazi iko. Ndugu yangu Kwanza anawasalimu sana. Bado yuko Namibia kwenye mgodi, network kule ni ya kubahatisha, ndiyo maana hapigi.

Sasa neno lenyewe, nalo ni la furaha. Nimepata mchumba. Anaitwa Lyse, Mrundi wa Rumonge, anasuka nywele katika saluni ya Wakongomani hapa karibu. Ni Mkatoliki kuliko paroko. Hataki ndoa ya kusainisha tu, anataka ya kanisani. Tumeenda kwa padri, akasema kila mmoja alete cheti cha ubatizo kutoka parokia alikobatizwa, kipya, kisichozidi miezi sita. Kwa bahati nzuri wewe ndiye unayeshika vitabu vya parokia pale Uvira.

Naomba kiandikwe hivi: Célestin Kashindi, amezaliwa tarehe 3 Machi 1990. Iwe hivyo hivyo, maana padri atalinganisha na karatasi zangu za ukimbizi.

Barua nimempa Peguy, yule anayekuja Kigoma kununua vitenge. Ningepiga simu, lakini nikipiga Mama Mkubwa anakunyang'anya, tunaishia kulia wote wawili na neno halisemwi.

Mwanao,
Pili

*

Uvira, 27 Februari 2023

Kwa mwanangu Pili,

Milele na milele, amina. Barua yako ilifika na mafuta ya samaki, maana Peguy aliifunga pamoja na dagaa wake. Niliisoma huku nina njaa.

Goti lipo, halina habari mpya. Mama yako Mkubwa alicheka juu ya chumvi, kisha akaongeza nyingine. Paroko mpya ni kijana, anaendesha pikipiki na kanzu. Mchwa wamekula kitabu cha ndoa cha mwaka 1974 kuanzia A hadi M, kwa hiyo kuna wazee hapa mjini ambao kwa kitabu hawajaoa kamwe. Wengine wamefurahi.

Hongera kwa Lyse. Msichana anayedai sakramenti si wa kuacha. Mlete kwenye simu siku moja nimsikie.

Nimefungua kitabu cha ubatizo, ukurasa wa 88. Mpo wote wawili, mstari chini ya mstari. Unaijua hadithi, lakini nairudia kwa sababu mzee hasimulii mara moja. Babu yenu Célestin Kashindi, alipokuwa kitandani mwaka ule, alisema mtoto wa kwanza kuzaliwa achukue jina lake lote. Wake wawili walikuwa wajawazito, mama yako na mama yake Kwanza. Mimi na marehemu baba yako Ruphin tukagombania jina la mzee kabla hajakata roho. Majuma mawili hatukusemezana. Watoto mkazaliwa, hakuna aliyeachia, mkabatizwa siku moja kwa jina moja. Padri akauliza, sasa tutawatofautisha vipi? Mimi nilikuwa nafundisha historia ya Kanisa seminarini, nikajibu: kwa namba, Padri, kama Mapapa. Yeye akacheka. Mkawa Kwanza na Pili hadi leo.

Ndiyo maana nakuuliza. Tarehe 3 Machi ni ya Kwanza, mtoto wangu wa kumzaa. Yako ni tarehe 21. Umesahau siku yako ya kuzaliwa, au karani wa huko amechanganya?

Haitakuwa ajabu. Hata makarani wa Roma walichanganya. Papa Yohane wa Kumi na Nne alikaa kitini miezi minane, kisha mpinzani wake akamtia ngomeni, akakaa humo miezi minne mpaka akafa. Orodha ikaandika miezi minane, halafu miezi minne. Karani wa baadaye akasoma, akafikiri ni watu wawili. Mtu mmoja akahesabiwa mara mbili! Tangu hapo hesabu ya akina Yohane ikapotea njia, na mpaka kesho hakuna Papa Yohane wa Ishirini. Tafuta, hutamkuta.

Kama ni kosa la karani, niambie nisaidie kulisahihisha. Na mwambie Kwanza Namibia si mwezini. Aandike mistari miwili kwa mkono wake.

Baba yako Mkubwa,
Vénérand

*

Durban, 8 Aprili 2023

Baba Mkubwa,

Leo ni mkesha wa Pasaka, Lyse amenituma kununua mshumaa mara mbili kwa sababu wa kwanza aliuona mfupi. Sisi ni wazima. Hapo dukani tumepata meza mpya. Natumaini nanyi mko salama, na yule paroko hajaanguka na pikipiki.

Eish, Baba Mkubwa, umesema kweli kabisa. Ni karani. Siku ya kuandikishwa aliandika tarehe 3 badala ya 21, kama wale wa Roma. Kusahihisha huku si kazi ndogo, unaweza kuzungushwa miaka, na ukianza kuwaambia watu wa ofisi kwamba kuna kosa, wanaanza kukuangalia vibaya. Bora cheti kifuate karatasi. Ni siku kumi na nane tu. Mungu ananijua mimi ni nani.

Kwanza yuko muzuri. Alipita hapa Februari siku mbili, amenenepa. Kitenge alichobeba Peguy ni zawadi yake kwa Mama. Kuandika barua amesema ataandika, lakini unamjua na kalamu.

Tumepanga ndoa tarehe 26 Agosti. Ukumbi wa parokia tumeshaomba. Tafadhali Baba Mkubwa, usichelewe, na tusiulizane sana. Ni karatasi tu.

Pili

*

Uvira, 4 Juni 2023

Pili,

Tumsifu Yesu Kristu. Hapa wote wazima. Mvua zimekwisha. Binti wa jirani, Ineza, amepata mapacha, na baba yao anatembea kama aliyewazaa yeye mwenyewe. Kitenge kimefika. Mama yako Mkubwa amekikunja akakiweka, hajakivaa.

Umeniambia tusiulizane sana. Nilikulea tangu una miaka tisa, tangu Ruphin alipofariki. Ulikula kwenye sahani moja na Kwanza. Mlipovunja dirisha la masista ulikuja kuniambia kabla sijasikia, na Kwanza akakukasirikia kwa kunena mapema. Leo mwenye mdomo ule ananiambia "ni karatasi tu". Ndipo usingizi uliponitoka.

Nikamwambia mke wangu juu ya tarehe. Nilitegemea atalia. Hakulia. Aliinuka, akaleta simu yake, akanionyesha ujumbe wa Noeli ya mwaka 2020, ile namba ya Namibia. Umeandikwa: "Noeli njema Mama Mkubwa, ni mimi Kwanza, Mungu akulinde." Akaniuliza, "Baba Kwanza, mimi nimezaa mtoto mmoja tu. Tangu lini yeye ananiita Mama Mkubwa?"

Pili, anajua tangu siku ile. Miaka miwili na nusu amelala karibu nami na jambo hilo. Na kila Noeli amejibu "asante mwanangu". Nikamfokea, kwa nini ulinyamaza? Akasema, "Aliyeandika naye ni mwanangu. Nikimwambia nimejua, ataacha kuandika, nibaki bila hata mmoja." Nilitoka nje nikakaa ofisini na vitabu vyangu.

Kuna Mapapa wawili waliochukua jina lako na namba yako. Mwaka 1124 makardinali walimchagua mzee mmoja, Teobaldo, akajiita Célestin. Wamekwisha kumvika joho, wanaimba Te Deum, mara wakaingia watu wenye silaha wakitaka mtu wao. Mzee akapigwa. Akaachia kiti siku ile ile, na wanasema hakuishi muda mrefu baada ya kipigo kile. Hakuhesabiwa. Miaka kumi na tisa baadaye akachaguliwa mwingine, akajiita Célestin, na alipotafuta namba akachukua wa Pili, kana kwamba yule wa mbele yake hakuwahi kuvaa joho. Wanafunzi wangu walikuwa wakiniuliza, kosa ni la nani? Nilikuwa nawajibu kwa utani. Sasa sitanii.

Naona ulichofanya. Huko Durban umefanya watu wawili kuwa mmoja, na huku Uvira umefanya mtu mmoja kuwa wawili. Roma ilihitaji karne na karne kufanya makosa hayo mawili. Wewe umeyafanya peke yako, tena kwa mtoto wangu.

Cheti cha tarehe 3 sitatoa. Mwanangu yuko wapi? Andika. Usipige simu, sitaki kukusikia ukilia kabla hujaniambia.

Vénérand

*

Durban, 16 Julai 2023

Baba yangu Mkubwa,

Nimeanza barua hii mara tano. Salamu nazituma, ingawa najua sina uso wa kusalimu. Lyse ananiuliza naandika nini, namwambia ni mambo ya cheti.

Kwanza amekufa. Alikufa hapa Durban, Jumatano tarehe 27 Machi 2019. Haya, nimeandika. Miaka minne sijawahi kulitamka neno hili kwa Kiswahili.

Tulikuwa na miezi miwili tu mjini hapa, tumetoka Pretoria, hatujulikani na mtu. Tulipanga chumba Cato Manor, nyuma ya nyumba ya mama mmoja Mzulu, pamoja na Wamalawi. Juma lile kulikuwa na fujo dhidi ya wageni. Jioni, saa kumi na moja, tulikuwa tunarudi kutoka mjini, tukakutana na kundi la watu na fimbo na mawe. Tulikimbia. Tulitengana. Baadaye nikamkuta hospitali, hajui mtu. Asubuhi akaaga.

Sasa sikiliza ile nyingine, nayo ni dhambi yangu tupu. Kwanza alikuwa ameshakubaliwa ukimbizi, karatasi ya miaka minne, ndiyo tu ameipata. Mimi nilikuwa nimekataliwa. Nilipewa siku za kuondoka nchini, nazo zilikuwa zimekwisha. Muuguzi alinipa nguo zake kwenye mfuko wa plastiki, na karatasi yake humo. Nikaenda dirishani kwa karani wa maiti. Akaomba karatasi ya marehemu. Nilikuwa na zote mbili, yake na yangu. Baba Mkubwa, naapa sikupanga. Mkono ulitoa yangu. Uso wake ulikuwa umevimba, hata mama yake asingemtambua, na picha zetu unajua tunavyofanana. Jina ni lile lile. Karani hakuinua kichwa. Akapiga muhuri.

Kwa serikali ya huku mimi ndiye niliyekufa. Tulimzika watu wanne, mimi na Wamalawi wawili na mzee mmoja Mrundi, Léonidas, aliyesali. Kwenye kibao cha kaburi ni Célestin Kashindi na tarehe yangu ya kuzaliwa. Juma lililofuata nikahamia Albert Park, na tangu korona karatasi tunazirefusha kwa imeili, hakuna anayekuangalia usoni.

Nilitaka kuwaambia. Nilisema ngoja Mama Mkubwa apone malaria. Nikasema ngoja Noeli ipite. Halafu nikanunua laini ya pili ya simu, nikaandika ujumbe wa kwanza, na yeye akajibu kwa furaha, na nikaona siwezi tena. Kila mwaka uongo ulizidi kunenepa. Sikujua kwamba anajua. Nikifikiria "asante mwanangu" ile, nataka ardhi inimeze.

Mnitukane. Nastahili. Ila ndoa ni tarehe 26 ya mwezi ujao, na bado sijamwambia Lyse wala padri. Niambie nifanye nini.

Pili

*

Uvira, 3 Septemba 2023

Pili,

Barua yako ilichelewa Kigoma juma zima, boti ilikuwa mbovu. Tarehe yako ya ndoa imepita na mimi sijui kama umeoa.

Tulikaa matanga siku tatu. Watu waliuliza tunamlilia nani, mke wangu akawaambia, "Mwanangu, aliyekufa miaka minne iliyopita." Baadhi walifikiri ametokwa na akili. Paroko alisoma misa.

Jumatatu nilifungua kitabu cha marehemu. Nimeandika mamia ya watu humo kwa mkono huu huu. Jina lake nililiandika vibaya, wino ukadondoka, ikabidi nianze tena. Kuna sehemu ya mahali pa kifo, nikaandika Durban. Kuna sehemu ya mtoa habari. Nikaandika Célestin Kashindi, mwana wa Ruphin, ndugu yake. Kwa mara ya kwanza tangu mzaliwe mko wote wawili kitabuni kila mtu mahali pake, na imenigharimu mtoto.

Ndani ya bahasha kuna cheti chako. Tarehe 21 Machi. Hicho ndicho nilicho nacho. Ukitaka kuoa kwacho, oa. Ukiogopa watu wa ofisi, kichome. Sitatoa kingine hata unipigie magoti, na mimi sitakuwa padri wako wala hakimu wako. Nimechoka, Pili.

Sijakusamehe. Nakuambia ili usije ukasoma upole mahali ambapo haupo. Karatasi, naweza kuielewa. Njaa ya karatasi nimeiona kwa watu wazima hapa. Lakini nilifundisha historia miaka thelathini na moja, nimesoma maandishi ya watu wengi waliokuwa na jambo la kuficha. Umeeleza karani, dirisha, mfuko wa plastiki, muhuri. Kisha kuhusu saa yenyewe umeandika neno moja, "tulitengana". Mtu aliyepotezana na nduguye huandika ukurasa mzima wa kumtafuta.

Mama yako Mkubwa hajui kusoma mambo hayo, lakini ameuliza lile lile kwa njia yake. Amesema nikuandikie swali lake kama lilivyo: "Walipompiga mwanangu, wewe ulikuwa umbali gani?"

Mjibu yeye.

Vénérand

*

Durban, 12 Novemba 2023

Mama Mkubwa Agathe,

Nakuandikia wewe. Baba Mkubwa atakusomea, na ninamwomba asiruke kitu.

Salamu zitangulie, kwa heshima, ila leo sitakaa juu yake.

Ndoa haikufungwa, tarehe ilipita bila cheti. Nilimwambia Lyse siku cheti kilipofika. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza, "Sasa mimi nilikuwa naolewa na nani?" Akachukua nguo zake akaenda kwa dada yake, mtaa wa Sydenham. Sikumzuia. Baada ya juma moja alirudi mlangoni, hakuingia, akasema nimpeleke kaburini. Tukaenda. Alivuta majani kwa mikono, akasali kwa Kirundi. Tangu siku ile anapokea simu yangu, lakini pete bado iko kwangu.

Padri nimemwambia. Naye amenikalisha kitako, hakunipa maneno matamu. Amenitafutia mwanasheria wa wakimbizi, mama mmoja anaitwa Atuganile, Mtanzania, na mwezi uliopita tulikwenda pamoja ofisini, nikawaambia aliyekufa ni nani na aliye hai ni nani. Wamechukua karatasi zote. Nimepewa kikaratasi cha kurudi ofisini Februari. Wanaweza kunifunga au kunirudisha, mwanasheria hafichi. Kibao cha kaburi nimekibadilisha. Sasa kina tarehe 3 Machi. Picha nimempa Peguy, mtaiona.

Nimeyaandika haya kwanza kwa sababu ni rahisi. Hata sasa naona kalamu inatafuta pa kukimbilia. Umeuliza umbali.

Hatukutengana, Mama Mkubwa. Tulikimbia pamoja njia nzima. Karibu na nyumbani begi lilinianguka, lile la simu za wateja. Mimi sikusimama. Kwanza alisimama, akarudi kulichukua, kwa sababu alijua kama simu zile zikipotea nitafukuzwa kazi. Mimi nikafika kwenye geti. Ni geti la chuma, refu kunipita, na kufuli yake ilikuwa mkononi mwangu. Nikaingia. Ndani kulikuwa na wanawake na watoto, wote wanapiga kelele, "Vala! Vala!", yaani funga, funga. Nikageuka nikamwona Kwanza anakuja mbio, begi amelishika kifuani kwa mikono miwili. Wale watu walikuwa nyuma yake, lakini si karibu. Kama kutoka kanisani kwenu hadi kisimani. Nafasi ilikuwepo. Hili sikumwambia padri mpaka safari ya pili, na Lyse nimemwambia jana. Nafasi ilikuwepo, angeingia, na ningefunga baada yake.

Nilifunga.

Ulikuwa umbali gani, umeuliza. Mkono wangu kwa mkono wake. Alishika vyuma upande wake, mimi nimeshika upande wangu. Nilitaka kufungua, vidole vikakataa, ufunguo ukawa unacheza ndani ya kufuli. Aliniangalia. Hakunitukana, wala hakuniomba. Aliangalia nyuma, akaona muda umekwisha kweli. Akainua lile begi, akalipitisha juu ya geti polepole ili vioo visivunjike, kisha akawageukia.

Na mimi nikalipokea.

Pili